Tangi Lililonuka Pombe

Tangi la tatu lilinuka pombe, na hakuna aliyeingia kiwandani asubuhi ile bila kukunja pua.

Siku zote lilinuka udongo uliolowa. Humo walifugwa bakteria, viumbe wasioonekana kwa macho, wakilishwa maji matamu ya maganda ya matunda mpaka wanenepe. Mafuta yao yakikamuliwa hugeuka plastiki, ile inayooza ardhini kama jani. Wafanyakazi waliwaita ng'ombe. Ng'ombe gani hawa, alizoea kutania Kicheko, mwosha matangi, hawana pembe, hawana kwato, na wanakula vizuri kuliko sisi.

Leo Kicheko hakutania. Bosi alitupia koti jeupe juu ya suti, akapanda ngazi, tai ameichomeka ndani ya shati katikati ya vifungo kama kawaida yake, isije ikatumbukia tangini. Akachungulia. Akashuka polepole.

"Hamira," alisema. "Mtu ametuletea hamira kutoka kwake. Imekula chakula chote, ng'ombe wamekufa njaa."

Mlishaji wa tangi lile, mwanamume mrefu aliyejibanza nyuma ya wenzake, alijikuta anazitazama kucha zake. Sheria ya kwanza ya kiwanda aliijua kuliko jina lake: mwenye hamira nyumbani haajiriwi, maana hamira hupanda nguoni, hujificha chini ya kucha, wala haibishi hodi. Siku ya kuajiriwa aliulizwa mama yake anafanya kazi gani. Akajibu anauza mboga.

Mama yake alikuwa anauza skonzi za hamira.

Jioni ya siku ile alikuwa amemweleza mama sheria hiyo. "Nimesikia, baba," mama alijibu, na kesho yake skonzi zilikuwa mezani kama jana. Ngumu kidogo, fupi kidogo. Akadhani mama ameanza ubahili wa unga. Utamwambiaje mtu aliyekulea kwa skonzi kwamba skonzi zake ni hatari?

Bosi hakuchunguza mbali. Harufu ni ya pombe, alisema, na mnywaji wa humu tunamjua. Macho yote yakamgeukia Kicheko, ambaye chupa zake za Jumamosi hazikuwa siri. Kicheko akacheka kwa mazoea, akidhani ni utani. Alipoona anacheka peke yake, akavua buti za kazi, akazipanga ukutani, akatoka na soksi. Moja ilikuwa na tundu kisiginoni.

Mlishaji alikuwa na mdomo. Haukufunguka.

Jioni hakula. Kila skonzi aliyoitazama ilikuwa na sura ya kisigino cha Kicheko.

Asubuhi akagonga mlango wa bosi na kusema yote bila kukaa: uongo wa mboga, skonzi, mama anayekanda unga hatua chache kutoka kitandani kwake. Bosi alisikiliza huku mishipa ya shingo ikimsimama.

"Anauzia wapi huyo mama yako?"

"Njia panda, bosi. Mkabala na kituo cha mafuta."

Bosi akapaliwa. Alikohoa, akakohoa, na kikohozi kilipokwisha hasira nayo ilikuwa imeondoka. Akaanza kuzipanga kalamu zake ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Kicheko arudi leo hii, alisema akitazama dirishani. Ila mlishaji kazi hana tena, sheria ni sheria.

"Na haya maneno yaishie humu humu," aliongeza. "Usiende kumsumbua mama wa watu."

Mchana getini mlishaji alipishana na Kicheko akiingia, amevaa soksi mpya. Inaelekea kiwanda kimechoka kununa bila mimi, Kicheko alisema. Mlishaji akamshika mkono, akauachia haraka. Hakuwa na kazi, lakini kwa mara ya kwanza tangu jana alihisi njaa.

Nyumbani alimkuta mama anafuta meza. Alimweleza taratibu, asije akajiona mkosaji: kazi imekwisha, sababu ni ile hamira, lakini asiyekuwa na hatia amerudishwa, na hilo linatosha.

Mama akakiacha kitambaa.

"Hamira gani? Humu ndani haijaingia tangu uliponiambia. Natia magadi, mpaka wateja wananiita mama mawe. Wewe unayezitafuna kila siku hukuona?"

Mlishaji akajikuta amekaa.

"Nimebakiza mteja mmoja tu, huyo za magadi hataki hata kuziona. Unga wake naukandia kule kule njia panda, jikoni kwa mwenye duka, nikimaliza nanawa mpaka kwenye viwiko na nguo nabadili, ndipo narudi kwako." Akatikisa kichwa, kicheko kikimtoka bila kutaka. "Mtu mzima, gari jeupe, lakini mbele ya beseni ni mtoto. Kila asubuhi anachomeka tai ndani ya shati isije ikatumbukia kwenye unga, anamega donge bichi kwa vidole, anakula, anajifuta kwenye suti, halafu mbio kazini."