Orodha ya Kuamkia

Mtu akifumbua macho asubuhi, programu zilizo kwenye orodha yake ya kuamkia hujiwasha zenyewe kichwani. Na ndoa ikishafungwa, kila mmoja hukabidhiwa orodha ya mwenzake aitunze. Mwanahamisi alimtunzia mumewe Shekue mambo machache: apige mswaki, ameze dawa ya presha, amsalimie mkewe.

Hilo la salamu aliliweka mwenyewe, mwaka ule waliponuniana. Siku hizi likawa linamkera. Jana akalifuta, aone kama bado atasalimiwa.

Leo Shekue akaamka, akajinyoosha. "Umeamkaje, mke wangu?"

"Salama, Baba Zuhura." Machozi ya furaha yakamlengalenga. "Unisamehe. Nilikuwa nakupima. Ile salamu nilishaifuta kwenye orodha yako."

Shekue akaketi kitandani, akamgeukia.

"Mimi leo sijafungua kinywa," akasema taratibu. "Mwaka ule nilichoka kukuona unalia. Nikaandika kwenye orodha yako kwamba ukiamka tu, unisikie nakusalimia."

Mwanahamisi akaitazama midomo ya mumewe, asijue kama hata hayo ameyasema yeye.