Mti wa Mwanahamisi

Mwanahamisi aliupasua mfuko wa mwisho kwa meno. Mtupu! Akautupa chini, akaukanyaga.

"Taratibu, mama," alisema Glory, mtafiti wa miche, aliyekuwa ameyafunga baadhi ya maua ya mti ule wa makadamia kwa mifuko ya chandarua ili nyuki wasiyafikie. "Pasipofungwa pamejaa kokwa changa. Palipofungwa hakuna kitu. Basi mti huu haujichavushi. Unapata chavua kwa makadamia nyingine ya jirani."

"Iko wapi? Nionyeshe! Kutoka hapa mpaka Gare hakuna nyingine!"

Alijua anachosema, maana iliyokuwapo aliikatisha mwenyewe. Marehemu Rashidi alimpandia kila mke makadamia yake: ya maua meupe kwa Mwanahamisi, ya maua ya waridi kwa Husna, mke mdogo. Alipokufa, hata arobaini haijafika, Mwanahamisi alimwita mtu wa msumeno, mti wa Husna ukalazwa chini, eti kivuli chake kinaua maharage. Husna alisimama mlangoni na watoto wake, hakutoa neno. Ukimya ule ulimkera Mwanahamisi kuliko matusi, na unamkera hadi leo.

Mwaka uliofuata mti wake haukuzaa. Akasema unamlilia Rashidi. Kisha ukazaa, na mwaka mwingine ukazaa tena, peke yake kabisa, naye akatamba soko zima la Lushoto kwamba mti wake hauhitaji mwenzake. Ndipo Glory akaja. Aina kama hiyo ikithibitika, alisema, miche yake itapandwa Usambara yote na itaitwa kwa jina la mwenye mti.

Mwanahamisi hakujaaliwa mtoto. Jina lake angemwachia nani, kama si mti huu?

"Ni Husna!" alisema sasa. "Ameichezea mifuko. Ana watoto wake, na bado ananionea wivu wa mti!"

"Mifuko haijaguswa, mama. Niliikagua mwenyewe."

Nani asikie? Alikwishachukua panga, anashuka matuta ya viazi huku akitukana kwa Kishambaa na Kiswahili, kanga imemdondoka na hana habari nayo. Mnafiki mkubwa yule! Leo ataufungua huo mdomo wake, apende asipende.

Husna alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka Magamba na mzigo wa majani ya ng'ombe. Ameutua pale mpakani, ameinama anauchambua. Katikati ya majani akachomoa matawi ya makadamia yenye maua marefu ya waridi, akayatia kwenye ndoo ya maji iliyoning'inizwa kwenye uzio, upande wa shamba la Mwanahamisi, ambako mti ulikuwa bado unatoa maua. Nyuki walikuwa wameshaanza kuyajia.

Aligeuka, akaliona panga. Akapiga goti kama kawaida yake.

"Shikamoo, dada."

Mwanahamisi hakuitikia. "Hayo maua ni ya nini?"

"Ya mti wako."

"Nani amekutuma?"

Husna alilisukuma tawi likae vizuri majini.

"Mwaka ule mti ulipokosa kuzaa, wewe ulikuwa unakaa chini yake unalia," alisema. "Watoto wakawa wananiuliza, mama mkubwa ana nini."