Kivuli Chini ya Picha

Mimi ndiye niliyekikata kile kivuli, tena kwa moyo mweupe kabisa.

Picha yenyewe ilikuwa nzuri mno: msichana mdogo anaruka kamba uani, miguu haijagusa ardhi. Ila chini kulilala kivuli kirefu cha aliyeipiga, viwiko vimetanuka, ncha ya kitambaa cha kichwa ikining'inia.

"Hili ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza," nikawaambia majaji wenzangu. "Tukikikata, picha inashinda."

Ikashinda. Tukaichapisha ikajaa ukuta wa zahanati ya mtaa, toka sakafuni hadi darini.

Leo tunaizindua. Msichana yule kaja na baba yake, watu wanampigia makofi, naye hata hajitazami. Amechuchumaa, anapapasa pale picha inapoishia.

"Baba, mama wamempeleka wapi?"

Baba amevua kofia. Hanifokei. Afadhali angenifokea.

"Marehemu ndiye aliyekuwa mpiga picha wetu," ananiambia taratibu. "Picha zote za nyumbani ni zake, kwa hiyo hayumo hata moja. Ila hii. Tulikuja na futi kamba, ndugu yangu, tukaupima ukuta wenu. Hapa, kwa kivuli kile, angekuwa na kimo chake kilekile."



Msichana ameinuka. Anavua viatu, anavipanga pembeni, anasimama wima mgongo ukutani.

"Nilitaka kuona," ananiambia, "kama nimeshamfika begani."