Lokol Anaimbia Maksai Wake

Ekwam hakugusa maziwa mpaka sahani ya santuri ilipoanza kuzunguka. Hapo ndipo aliposhika kibuyu, akapiga funda moja, akampa mkewe.

"Leo kijana naimba vizuri," alimwambia Nawoi. "Kunywa."

Nawoi akanywa. Sauti nzito ya mwanamume ilijikokota kutoka kwenye mashine, neno moja likichukua muda wa mtu kuvuka uwanja. Wazee wale wawili walikaa kwenye kivuli cha nyumba ya mwalimu Keziah, hapo Kakuma, nyuso zao hazina kitu. Walikuwa wamelia zamani, wakamaliza. Kilichobaki kilikuwa ganzi tu.

Mwaka ulikuwa 1976. Keziah alitoka Murang'a kuja kufundisha shule ya msingi na kwaya. Santuri aliipata Lodwar, kwa Mwitaliano mmoja mchimba visima aliyemaliza mkataba akagawa vitu vyake: mashine ya betri, na sahani moja nzito ya kizamani, ya opera, ile michezo ya Wazungu ambayo watu huimba badala ya kusema. Karatasi ya jina katikati ilikuwa imebanduka.

Siku ya kwanza alipoicheza, Nawoi alikuwa mlangoni ameleta maziwa ya kuuza, mumewe nyuma yake. Ekwam alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamtazama mkewe kwa muda mrefu.

"Huyu ni Lokol," alisema. "Naimbia maksai yake."

Lokol alikuwa mtoto wao wa pekee. Alifuata ng'ombe walioporwa upande wa Namoruputh, mpakani, na hakurudi. Wengine walisema huenda alivukia Uganda. Sasa, ni kweli kwamba kijana wa Kiturkana huwa na maksai ampendaye na wimbo wa kumsifu. Na ni kweli kuna Mzungu aliyewahi kupita huko na mashine, akinasa sauti za vijana wakiimba. Mzazi utambishia nini?

Keziah alijaribu. "Mzee, hayo maneno ni Kiturkana kweli?"

"Maneno imevutwa," Ekwam alijibu. "Sauti ndio yake. Huyu mtu iko hai."

Kesho yake asubuhi Nawoi alikuja peke yake. "Mwalimu, mzee alikuwa nakataa chakula," alisema. "Jana amekula. Hata mimi nimekula. Leo tutakuja tena."

Wakawa wanakuja kila siku jua likipunguza ukali. Keziah alinunua betri bila kunung'unika, na mtu angemuuliza angesema ni ukarimu. Lakini tuseme ukweli, saa kumi za Kakuma hazina kazi nyingine. Kuna wakati mmoja tu hawakuonekana, Nawoi alipougua malaria. Ekwam alipita mbele ya nyumba akienda zahanati, akasalimu "ejok", wala hakuuliza habari za santuri. Keziah hakulitilia maanani.

Kilichomsumbua kilikuwa kingine. Chuoni alifundishwa muziki wa do-re-mi, na hakuwa mtu wa kuacha jambo lipite. Tabia hiyo ilimfanya mwalimu mzuri na jirani wa kuchosha. Nyimbo za huzuni alizozijua nyingi hutulia kwenye noti ya la. Wimbo huu ulitulia kwenye do, ufunguo wa harusi na Krismasi. Huzuni yake yote ilikuwa katika mwendo, na katika ule uzito wa sauti. Wimbo wa furaha, kisha unaimbwa na mtu aliyechoka hivyo? Mbona?

Siku moja alikuwa akipangusa vumbi, kitambaa kikanasa swichi ndogo kando ya mashine. Hakuwahi kuigusa, akidhani imevunjika. Ikasogea, na sahani ikaanza kuzunguka kwa kasi kuliko siku zote. Akaweka sindano, na ikatoka sauti ya mwanamke, nyembamba, mbiombio, inacheka katikati ya wimbo. Mwanamume hakuwapo. Hakuwahi kuwapo.

Keziah aliketi kitandani akaona aibu, yake na ya wale wazee. Wiki ile ile alikuwa ameambiwa anahamishiwa Lodwar. Angeweza kunyamaza, aondoke na mashine yake, amwachie mzee mtoto wake. Lakini njia ya mwongo ni fupi, ndivyo alivyowafundisha watoto wa watu. Tena alihofia mzee yule angemfuata kwa miguu mpaka Lodwar, akitafuta sauti ya mtu ambaye hayumo ndani ya ile sahani. Akaamua kumwambia, na uamuzi wenyewe ulimuuma.

Alasiri Ekwam alifika kwanza. Nawoi alibaki nyuma kukamua mbuzi.

"Mzee, nisamehe," Keziah alisema. "Nilikuwa naicheza vibaya siku zote hizi. Sikiliza inavyotakiwa."

Mwanamke akaimba, akacheka, akapanda juu, akamaliza upesi. Ekwam alisikiliza yote, mikono magotini. Keziah alingoja apige kelele, au aanguke.

"Si Lokol," Keziah akasema. "Hajawahi kuwa Lokol. Ni mwanamke wa Ulaya, anafurahi."

Ekwam alikuwa akitazama njiani. Nawoi alikuwa anakuja na kibuyu chake, akitembea haraka kuliko siku zote.

"Rudisha ile ya pole, mwalimu," alisema. "Lokol nilifunika na mawe, mimi peke yangu, huko Namoruputh. Mama yake ndio hajui."