Salamu ya Njiwa na Tetere

Ndege walipokuwa bado na salamu moja, Njiwa na Tetere walilelewa na bibi mmoja, malkia. Bibi alipofariki, ndege wengine walikuwa wamebaki na "Tumsifu Yesu Kristu", wengine wameshika "Bwana asifiwe". Njiwa wa Bwana Asifiwe akapewa kiti cha Bibi. Tetere wa Tumsifu akaja na jeshi kukidai.

Langoni akapaza sauti, "Tumsifu Yesu Kristu!"

Njiwa, kabla hajafikiri, akaitikia kama walivyofundishwa utotoni: "Milele amina!"

Tetere akacheka hadi machozi. "Dada, hujasahau! Usipoitikia, Bibi alikuwa akikunyima mtama."

"Na wewe ukiitikia mdomo umejaa! Ingia tule, mdogo wangu."

Walipokumbatiana, jeshi likafoka, "Msaliti!" Na wa ndani nao, "Kumbe malkia ni wa kule!" Wakafukuzwa wote wawili. Kunguru, asiyesali popote, akakalia kiti.

Hadi leo Njiwa na Tetere wako tawi moja, wanasalimiana. Sisi tuliowafukuza, Mungu atusamehe, kila asubuhi tunamsalimu Kunguru, naye haitikii.