Kichwa cha Kioo cha Hemedi

Posa ya Hemedi ilikuja na kioo, kama sheria inavyotaka: sanamu ya vyumba vya maji vilivyomo ndani ya ubongo wake. Mchumba huruhusiwa kuitazama. Mwenye kichwa haruhusiwi kuiona, wala kuambiwa kilichomo.

Shangazi Mwanakombo hakuijali. "Kijana ana kiburi," alisema. "Wenzake huinama wakanibusu mkono, yeye ananiamkia kasimama wima kama mlingoti. Nimemtumia ujumbe: leo asipoinama, posa irudi kwao."

Mimi, mchumba mwenyewe, nilikwenda nayo jikoni, nikaimiminia juisi ya rozela nione inavyopita. Vyumba viwili vya juu vilipinda kama pembe za kondoo, kisha kimoja chembamba, kisha kidogo cha chini. Kwenye kijia cha kuingilia kile chembamba palining'inia kifuko, hakizidi punje ya dengu.

Niliinamisha kioo mbele. Kifuko kiliziba kijia, juisi ikasimama. Nilipokinyoosha, ikatiririka tena. Nikarudia, nimenogewa, mpaka nikamkumbuka Hemedi anavyofunga viatu, mguu juu ya kiti. "Nikiinama kichwa kinanigonga," huniambia.

"Karibu, mwanangu," Shangazi alisema mlangoni.

Nilitoka mbio. Hemedi alikuwa ameushika mkono wa Shangazi, anaanza kuinama huku akitabasamu.

"Usiiname!"

Akasita. "Kwa nini, Saumu?"

Wote wawili walinitazama. Nilikificha kioo mgongoni, juisi ikinichuruzikia mpaka kisiginoni.