Upande wa Wageni

Jumamosi hii Agnella alivaa kijani. Jumamosi iliyopita alikuwa na fulana ya bluu, na ya kabla ya hapo ilikuwa ya njano. Timu yoyote iliyokuja kucheza Kibaoni, yeye alitafuta rangi yake kwenye mitumba, akazunguka nyuma ya goli na kwenda kukaa na wageni.

Alizaliwa Kibaoni. Nyumba yake ilikuwa ya nne kutoka uwanjani.

Leo wageni walikuwa Idete. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, mashabiki wao hawakufika hata kumi na watano. Walimsogezea nafasi kwenye mkeka bila kumuuliza kitu. Waliposhangilia, alipiga makofi. Walipokaa, alikaa. Muhindi wa kuchoma waliompa ulipoa mkononi mwake.

Kipindi cha pili kilipoanza, mwanamume mmoja wa miaka thelathini na kitu alikuja akichechemea, akaketi kwenye nyasi pembeni yake. Fulana yake ya kijani ilikuwa bado na mikunjo ya dukani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama ni wa Idete sehemu gani?"

Agnella alifikiri kidogo. Idete aliijua kwa kupita tu. "Kule karibu na shule."

"Shule gani?"

Agnella aliugeuza ule muhindi mkononi. Yule mwanamume akatabasamu, ila macho yake hayakucheka. "Usijali, mama. Hata mimi si wa Idete. Hii nimeinunua asubuhi hapo sokoni."

Agnella alimgeukia kwa mara ya kwanza. "Kwenu wapi?"

"Mlimba. Ila hapa napajua. Nikikaa upande ule, watanitambua." Alinyoosha kidevu kuelekea ng'ambo, kwa wenyeji na ngoma yao.

"Na mimi hivyo hivyo," Agnella alisema.

Upande ule kila mtu alimjua. Akifika walipunguza sauti, wakampisha kwenye benchi, na hakukosekana mtu wa kumshika mkono kwa mikono miwili na kumwambia pole, mama. Miezi kumi sasa. Neno lenyewe alikuwa halisikii tena, kama mtu anayeishi jirani na mashine ya kukoboa mpunga. Huku kwa wageni alikuwa mama mmoja tu mpenda mpira.

"Unamwangalia nani?" mwanamume aliuliza.

"Namba sita."

"Yule mrefu?"

"Siyo yeye. Aliyekuwa anaivaa kabla yake. Kelestini. Mwanangu."

Alisubiri kitu kimuume ndani. Hakuna kilichouma. Basi akaendelea, kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Lori la Kenta lililokuwa linawarudisha wachezaji kutoka Mang'ula liliacha njia jua likiwa bado halijazama, likapindukia mtaroni kando ya mashamba ya mpunga. Kumi na wanne walitoka. Wawili hawakutoka: Kelestini, na kipa wao, Gasper.

Mwanamume alikuwa anang'oa nyasi, moja moja.

Hapo Agnella akadhani amemfahamu. Alishasikia kwamba Gasper alikuwa na kaka yake huko Mlimba, mtu ambaye hakuonekana msibani.

"Kumbe wewe ni wa Gasper," alisema.

"Gasper namfahamu," alijibu taratibu. "Alikuwa na utani sana."

Idete wakafunga. Mkeka mzima ulisimama ukapiga kelele, mtu akamwaga chai. Wao wawili walibaki wamekaa.

"Mazishini hukuja," Agnella alisema. Hakumlaumu. Alisema tu.

"Nilikuwa hospitali, mama. Nilipotoka, nikashindwa kuja."

"Hukupitwa na kitu. Mimi nilikuwepo na sikumbuki. Nakumbuka tu kwamba kiatu changu kimoja kilikuwa na tope." Aliuweka ule muhindi chini. "Walichoniambia ni kwamba mwanangu alikuwa nyuma na wenzake, amelala. Kwamba hakujua lolote. Hilo ndilo ninalolishika."

Ng'ambo ngoma ilinyamaza. Wenyeji walikuwa wamefungwa na dakika zilikuwa zimekwisha.

"Hakuwa nyuma," mwanamume alisema.

"Nani?"

"Kelestini. Alikaa mbele. Alikuwa amefunga goli, wenzake wakasema leo mfungaji anapanda mbele kama bosi. Na hakulala, mama. Njia nzima alikuwa anaimba, anapiga kofi mlangoni, nyuma wanamwitikia."

Filimbi ya mwisho ikalia. Watu wa Idete walianza kukunja mkeka, mmoja akamgusa Agnella begani. "Mama, twende, mvua hiyo inarudi."

Agnella alisogea kwenye nyasi bila kugeuka. "Miezi kumi nimeulizia siku ile," alimwambia yule mwanamume. "Hakuna aliyenieleza hivyo. Wewe umesimuliwa na nani?"

Mwanamume aliweka mikono yake juu ya magoti.

"Sikusimuliwa, mama. Mbele tulikuwa wawili tu. Mimi ndiye niliyekuwa naendesha."

Matone ya kwanza yakaanguka. Wageni walikuwa wanakimbilia pikipiki zao. Agnella alibaki pale pale kwenye nyasi, akamtazama usoni, na sauti iliyomtoka ilikuwa ngeni hata kwake mwenyewe.

"Alikuwa anaimba nini?"